Je, Maji Yakimwagika Hayazoleki?

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Leo wako watu wachache, yapata kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, ambao hawana budi kuyazoa kila siku. Hao ni wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Novemba 2008 kituo hicho kilipelekewa mtambo wa kukusanya mkojo, jasho na unyevu wa pumzi, na kuvisafisha hata viwe maji ya kunywa. Mei 2009 wanaanga waliyanywa maji hayo, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mitambo ya kituo imeweza kuokoa asilimia 98 ya maji. Kinyesi hakijafikia hadhi hiyo: hufungwa, hupakiwa katika chombo cha mizigo, kikateketea pamoja nacho kinaporejea katika angahewa. Lakini safari ya kwenda Mars na kurudi yaweza kuchukua miaka miwili na zaidi. Huko kisichorudishwa kazini ni hasara isiyo na fidia.

Hapa lazuka swali: je, utu haushuki mtu anapokunywa kilichotoka mwilini mwake na mwa wenziwe? Swali hili halifai kuchekwa. Kinyaa ni mlinzi wa kale; kimetuepusha na maradhi mengi. Lakini mlinzi si hakimu. Mlinzi huuliza kitu kimetoka wapi. Hakimu huuliza sasa ni kitu gani.

Mwaka 1978 wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia walilipima jambo lililo karibu na hili. Walitoa fatwa kwamba maji machafu yakisafishwa kabisa, isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yanafaa kwa tohara, na hata kunywewa iwapo hayadhuru. Hata hivyo waliona heri kuepuka kuyanywa kadiri iwezekanavyo, kwa kuchunga afya na mazoea ya watu. Ndivyo walivyompa hakimu haki yake bila kumfukuza mlinzi. Kwa mwanaanga, basi, ule uwezekano wa kuepuka haupo.

Nasi walimu wa lugha tuna la kuongeza. Kitenzi "kutupa" hudai mahali pa kutupia. Katika chombo cha anga mahali hapo ni haba mno. Duniani twajidhania tunapo. Kumbe mto tunaoutupia taka ndio kisima cha jirani aliye bondeni.

Basi tuwaulize wanafunzi wetu: ni yupi aliyepungukiwa na utu, yule anywaye maji yake mwenyewe baada ya kuyasafisha, au yule amnyweshaye jirani uchafu wake bila kuusafisha? Mimi nadhani aibu haimo katika maji. Imo katika kutojali nani atayanywa.