Kamera Kwenye Malka

Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni, na katika delta ya mto Tana nchini Kenya njia hiyo moja huonekana kwa sura mbili. Mkulima Mpokomo aliye shambani mwake huona ng'ombe wakikanyaga jasho lake. Mfugaji Mworma aliyetembea na kundi lenye kiu huona shamba lililoziba maji. Hakuna kati yao anayesema uongo. Hata hivyo, kweli zisizosikilizana zimewahi kuzaa makaburi. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto, na kufikia mwanzo wa 2013 waliouawa katika delta nzima walikuwa wamepita 100. Kwa hiyo, wanafunzi wa chuo kikuu wakikusanywa mjini Garsen, huko deltani, kwa wiki ya mihadhara na maonyesho ya filamu, swali la kwanza lisiwe la lenzi wala taa. Liwe hili: ni nani anayestahili kuitwa shahidi?

Jicho peke yake halimfanyi mtu kuwa shahidi. Katika hili dini mbili za bonde la Tana zinakubaliana. Amri Kumi zinakataza kumshuhudia jirani uongo, na Kurani, katika sura ya An-Nisaa, inawaamuru waumini kusimamia haki hata pale ushahidi unapowageukia wao wenyewe, wazazi au jamaa zao. Kipimo ni kizito: ushahidi huaminika zaidi unapomgharimu anayeutoa. Kijana anayerekodi kilio cha kwao pekee amesema kweli, lakini kweli hiyo haijamgharimu kitu. Anakuwa shahidi pale anapoupa msiba wa ng'ambo uzito uleule wa msiba wa nyumbani, na anapoacha ndani ya filamu neno linalowashtaki jamaa zake, ingawa angeweza kulikata.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni wageni tu, na kwamba wenyeji wakishika kamera haki itakuwa imetendeka. Hoja hiyo ina mizizi. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa na Waingereza kutoka Vugiri, Usambara, ulizungusha sinema Afrika Mashariki. Waafrika waliigiza, lakini neno la mwisho lilikuwa la wageni. Baadaye mkulima Kisilu Musya wa Ukambani alipewa kamera, akarekodi kwa miaka ukame, mafuriko na maisha ya familia yake, na kazi hiyo ikawa msingi wa filamu Thank You for the Rain ya 2017. Ukaribu wake uliipa filamu kitu ambacho mpita njia asingekipata. Ila Kisilu alikuwa akikabiliana na mvua na jua. Penye ugomvi wa jirani na jirani, mwenyeji naye ana upande, na uenyeji wake waweza kuugeuza upendeleo uonekane kama ujuzi.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaohofia kutonesha kidonda: kwa nini kuwaonyesha waliofiwa picha za msiba wao? Hofu hii yastahili heshima, na inaweka mpaka: aliyefiwa ana haki ya kukataa kurekodiwa, na mwili wa marehemu si pambo la filamu. Lakini kunyamaza hakujawahi kuwa dawa ya Tana. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, wanapotafuta suluhu, huketi na kusikiliza malalamiko; hawawaombi watu wajifanye wamesahau. Mficha maradhi, kifo humfichua. Vilevile, anayedai kwamba filamu haiwezi kuwa ushahidi kwa sababu hukatwa na kuungwa, akumbuke kwamba hata msimulizi barazani huchagua la kusema na la kuacha. Tofauti ni kwamba msimulizi yupo, na anaweza kuulizwa.

Basi wiki kama hiyo isiishie ukumbini. Usiku wa mwisho, filamu za wanafunzi zionyeshwe katika kijiji cha wakulima, kisha katika kijiji cha wafugaji, bila kubadilishwa hata picha moja, na aliyetengeneza kila filamu asimame mbele ya watazamaji ajibu. Akiona kwamba ng'ambo moja hawezi kuionyesha filamu yake bila kuikata, arudi na kamera yake kwenye malka, asimame upande ambao hakusimama mwanzo.