Samaki Mmoja Akioza

Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Ni methali nzuri kwa mchuuzi wa samaki, na sisi walimu tumeitumia mara nyingi kuwaonya vijana juu ya marafiki wabaya. Lakini methali ni kama dawa: kila moja ina ugonjwa wake, na ukiitumia kwa ugonjwa mwingine inaweza kudhuru. Hapa nataka kuuliza kama methali hiyo inaifaa serikali inapokabiliana na watu wanaoua huku wakilitaja jina la Mungu. Naamini haifai, tena naamini kwamba serikali inayoifuata huwasaidia wauaji bila kujua.

Tuanze na jambo lililotupata wenyewe. Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, magari mawili yaliyosheheni baruti yalilipuka, moja kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na jingine kwenye ubalozi wa nchi hiyohiyo Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11. Maelfu walijeruhiwa. Wengi wa Nairobi walipoteza macho kwa sababu waliposikia mshindo wa kwanza walikimbilia madirishani kutazama, ndipo mlipuko mkubwa ukawarushia vioo usoni. Waliokufa walikuwa makarani, walinzi, wapita njia, watu waliokuwa kwenye shughuli zao za kila siku. Wakristo walikuwamo na Waislamu walikuwamo. Al-Qaida, kundi lililopanga mauaji hayo, lilidai kutetea dini, lakini bomu lake halikumwuliza mtu dini yake.

Baada ya msiba kama huo serikali ifanye nini? Kwa kosa hilo moja Marekani ilijaribu njia tatu, nasi leo tunaweza kuzilinganisha.

Njia ya kwanza ilikuwa kombora. Agosti 20, siku 13 tu baada ya milipuko, Marekani ilipiga kambi huko Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum. Ilisema kiwanda hicho kilihusika na silaha za sumu, lakini ushahidi wa kuwaridhisha watu haukuwekwa hadharani. Kilichojulikana wazi ni kwamba kilitengeneza dawa za binadamu na za mifugo katika nchi maskini. Osama bin Laden mwenyewe hakuguswa, na jina lake likazidi kuvuma. Miaka mitatu baadaye likaja la Septemba 11, 2001.

Njia ya pili ilikuwa mahakama. Watu wanne walishtakiwa New York, mmoja wao Mtanzania, Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Walipewa mawakili, na mashahidi wakahojiwa na pande zote mbili. Mwaka 2001 wote wanne walitiwa hatiani na kufungwa maisha. Kesi hiyo ikiendelea, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba serikali yake ilivunja sheria kwa kumkabidhi Mohamed kwa Wamarekani bila kwanza kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Wapo watakaosema huko ni kumbembeleza mwuaji. La hasha. Nchi ile ilikuwa imetoka juzi tu katika utawala wa ubaguzi, na ilijua kwamba sheria ikikunjwa kwa ajili ya mtu mbaya kuliko wote, kesho itakunjwa kwa ajili ya yeyote.

Njia ya tatu ilikuwa jela ya siri. Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania mwingine, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa mikononi mwa shirika la ujasusi la CIA, kisha mwaka 2006 akapelekwa Guantanamo. Alipofikishwa mbele ya mahakama ya kiraia New York mwaka 2010, jaji alikataa kumpokea shahidi muhimu, yule aliyedaiwa kumwuzia baruti, kwa sababu serikali ilimfahamu shahidi huyo kutokana na mahojiano ya kumlazimisha Ghailani kusema. Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280, naye alikutwa na hatia katika moja tu. Alifungwa maisha kwa hilo moja, lakini jamaa za marehemu hawakupata hukumu kwa ajili ya kila roho iliyopotea. Aliyemtesa alidhani anaokota ukweli, kumbe alikuwa akiharibu ushahidi.

Nikizitazama njia hizo tatu naona jambo moja. Njia iliyokwenda polepole, kwa vitabu vya sheria na viapo vya mashahidi, ndiyo iliyowafikia wenye hatia na kuwaacha wasio na hatia nje. Mwuaji wa namna hii hutamani sana aonekane askari wa dini, anayepigana na serikali inayoichukia dini hiyo. Mahakama humvua joho hilo. Humwuliza gari lilinunuliwa na nani, nyumba ilipangwa kwa jina gani, na baruti zilisagwa wapi. Haimwulizi anasali vipi, kwa sababu serikali haina mizani ya kupimia imani ya mtu. Mizani yake ni ya matendo.

Sasa tuirudie methali yetu, maana jirani zetu wa Kenya waliwahi kuijaribu. Septemba 21, 2013, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia duka kubwa la Westgate mjini Nairobi, wakaua watu 67. Mashambulizi madogo yakaendelea, na wananchi wakawa na hofu na hasira, jambo ambalo hakuna awezaye kuwalaumu. Aprili 2014 serikali ikaanzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Polisi waliingia Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, wakakamata maelfu ya watu, na wengi wao wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Yalikuwapo malalamiko mengi ya watu kutolewa hongo ili waachwe. Kosa la wengi lilikuwa sura yao na mtaa wao. Juni mwaka huohuo, wakati kishindo cha operesheni hakijatulia, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Sisemi operesheni ndiyo iliyoleta mauaji hayo. Nasema kapu zima lilimwagwa, na samaki aliyeoza hakuwamo.

Kila aliyewahi kufundisha anaelewa sababu yake. Kitu kikiibwa darasani, mwalimu akachapa darasa zima, atapata kimya. Kesho yake hata yule aliyemwona mwizi kwa macho yake hatamtaja, kwa kuwa wote wamekwisha kuwa upande mmoja. Na serikali inahitaji sana kuambiwa. Nani wa kwanza kuona kijana amebadilika, amewakatia wenzake salamu, ameacha shule, ana fedha zisizo na asili? Ni mama yake, jirani, imamu wa msikiti anaposali, mwalimu wake. Mama huyo ataonya mapema ikiwa tu anaamini kwamba mwanawe akichukuliwa atafikishwa kwa hakimu, naye atajua yuko wapi. Pwani ya Kenya wapo wazazi wanaolalamika kwamba watoto wao walichukuliwa na watu wasiojulikana na hawakuonekana tena. Mzazi aliyesikia kisa cha jirani yake namna hiyo hatapiga simu polisi.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Watasema: mzee, wewe unahesabu vifungu vya sheria na watoto wanakufa. Aprili 2, 2015, wanafunzi waliuawa mabwenini katika Chuo Kikuu cha Garissa, na jumla ya waliokufa ilikuwa 148. Mimi niliyeishi na vijana wa umri huo chuoni siwezi kuipita hoja hiyo harakaharaka. Lakini tutazame kilichokosekana Garissa. Maonyo kwamba vyuo vingeshambuliwa yalikuwa yamesikika siku chache kabla. Wauaji waliingia alfajiri, na kikosi maalumu kilichotoka Nairobi kilifika baada ya saa nyingi. Kilipoingia, hakikuchukua muda mrefu kuwamaliza. Kilichokosekana ni wepesi, mpango na ulinzi. Ukali ulikuwa tele mwaka uliotangulia kule Kasarani, na haukuyazuia mabweni ya Garissa. Mwaka 2019 mahakama mjini Nairobi iliwafunga watu watatu kwa kuhusika na shambulio hilo, mmoja wao Mtanzania. Kwa hiyo sisemi serikali iwe laini. Ilinde, iwahi, ipeleleze kwa bidii, na anayeshika bunduki ikabiliane naye kwa bunduki. Ninachokataa ni ukali usiochagua.

Wala tusiinyoshee kidole Kenya peke yake. Hapa kwetu viongozi wa Uamsho wa Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi, wakakaa rumande zaidi ya miaka sita bila kesi kufika hukumuni, mpaka Juni 2021 ilipofutwa. Kama walikuwa na hatia, umma haukuonyeshwa. Kama hawakuwa nayo, nani atawarudishia miaka yao? Katika hali zote mbili serikali ilipoteza, kwa kuwa mahakama iliyochelewa kiasi hicho haikuweza kumfunga mhalifu wala kumsafisha asiye na hatia.

Na sasa nimtaje mwalimu mwenzetu. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 21, 2015, walisimamisha basi jingine lililokuwa likielekea hukohuko, wakataka abiria wajitenge vilevile. Safari hii Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi, Mwislamu na Msomali, alipigwa risasi kwa kukataa kwake, akafa Januari 2016.

Kwa kabila lake na dini yake, Salah Farah angeweza kukamatwa Eastleigh mwaka 2014 na kulazwa Kasarani pamoja na wengine. Kwa hesabu ya kapu la samaki, yeye na waliompiga risasi ni kitu kimoja. Magaidi ndivyo walivyotaka abiria wahesabiwe: kwa dini, kundi hili huku na kundi lile kule. Serikali inayowahesabu raia wake kwa mtindo huo imekubali hesabu ya adui yake. Kazi ya serikali ni kumtafuta aliyetenda, mmoja mmoja, kwa ushahidi, hata ikichukua miaka, ili watu kama Salah Farah, ambao ni wengi mno kuliko wauaji, wawe na sababu ya kusimama upande wake.