Miguu ya Mfalme Asa



Katika sharika zetu, hapa Mombo na huko juu milimani, wako wenzetu wenye ugonjwa wa kisukari. Wengine hawateswi na mwili kama wanavyoteswa na mawazo. Mtu akiona ukungu machoni hudhani amekwisha kuwa kipofu. Akijikwaa kidole, huona mguu umekwisha kukatwa. Tena wako wanaomwongezea mzigo kwa kumsomea habari za Mfalme Asa aliyeugua miguu, wakimwambia: “Asa aliwatafuta waganga, akafa. Wewe amini tu.”

Basi na tuisome habari hiyo yote, katika 2 Mambo ya Nyakati 16. Asa alikuwa ameacha kumtegemea Bwana kabla miguu yake haijaugua. Alitwaa fedha na dhahabu ya nyumba ya Mungu ili kununua msaada wa mfalme wa Shamu. Na Hanani mwonaji alipomkemea, alimtia gerezani. Ugonjwa ulipomjia, alifanya vilevile: aliwaendea waganga pasipo kumtafuta Bwana. Kosa lake si kumwita mganga, bali ni kumwacha Mungu. Maana Hezekia naye aliugua, akamlilia Bwana, akaahidiwa kupona. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Sala na dawa vilikwenda pamoja.

Nasi tuliofundishwa Katekismo Ndogo ya Luther twakiri kwamba Mungu ndiye aliyetupa macho, masikio na viungo vyote, naye huvitunza hata sasa. Basi mguu ni amana, na amana hutunzwa.

Lakini hofu haitunzi. Humzuia mmoja asiende kupimwa, asije akasikia neno baya. Humkimbiza mwingine huku na huku akitafuta jambo moja la kumaliza yote, kama mwaka 2011 maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Imani hukubali kazi ndogo ya kila siku. Tena kazi hiyo si bure. Mwaka 1993 uchunguzi wa wagonjwa 1,441 huko Marekani na Kanada ulionyesha kwamba sukari ikishikwa karibu na kiasi chake, madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu hupungua. Na mwaka 1998 uchunguzi wa Uingereza ulionyesha vivyo kwa wale walioanza kuugua ukubwani. Hatukuahidiwa kwamba hapana atakayedhurika. Ila twajua kwamba madhara hayo si hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Sukari ikizidi siku nyingi, miguu hufa ganzi. Mtu huungua kwa ardhi ya Mombo wakati wa jua kali, au hukanyaga mwiba, asijue. Kwa hiyo asitembee peku. Kila jioni atazame nyayo na katikati ya vidole. Asipoona vema, mwanawe amtazamie. Wala mtoto asione haya, kwa kuwa Bwana wetu mwenyewe alishika miguu ya wanafunzi wake akaiosha. Akiona kidonda, hata kisichouma, aende hospitali upesi. Macho yapimwe kila mwaka, ijapokuwa bado anaona. Dawa asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Akiisha kufanya hayo, kazi ya leo imekwisha. Hapo ndipo agizo la Bwana katika Mathayo 6 humfaa, kwamba tusiisumbukie kesho. Ndege hulishwa na Mungu, nao hawakai kiotani wakingoja. Lakini jua likichwa hulala.

Na wewe uliyekwisha kukatwa mguu au kupungukiwa na macho, usikubali kuambiwa kwamba imani yako ilikuwa haba. Kristo hakukukomboa kwa sehemu. Mahali pako kanisani ni palepale.

Enyi walimu wa Injili, mwendeeni mgonjwa kabla hajawaita. Msimwulize tu kama anasali; mwulizeni pia kama dawa zimebaki na kama ana nauli ya kwenda kupimwa. Baada ya ibada msimshurutishe kunywa chai ya sukari kana kwamba kukataa ni dharau. Mzigo wa hofu ni mzito kwa mmoja, lakini ushirika ukiushika pamoja, huchukulika.

Bwana aliye mlinzi wa viungo vyetu atupe usingizi wa amani usiku huu. Amina.