Mwalimu aliyesomeshwa na maskini

Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilianza kutoa pauni 10,000 kwa mwalimu wa fizikia au wa lugha za kigeni atakayetoka nje na kwenda kufundisha kule, zimsaidie gharama za viza na za kuhama. Mwaka huo huo, mwezi Februari, mlango wa kutambuliwa vyeti ulifunguliwa kwa walimu wa nchi nyingine, zikiwemo Ghana, Nigeria, Zimbabwe, India na Jamaica. Lakini hakuitwa kila mwalimu. Walioitwa kutoka nchi hizo ni wa hisabati, sayansi na lugha.

Ndugu msomaji, hebu tafakari. Katika shule ya serikali ya Kiafrika, ni mwalimu gani hupatikana kwa tabu kuliko wote? Ni huyo huyo wa hisabati na fizikia.

Wapo wanaosema mwalimu ni mtu huru na riziki haina mpaka. Ni kweli. Mwalimu wa Harare ambaye mshahara wake umeliwa na mfumuko wa bei haambiwi abaki kwa uzalendo, hasa na kiongozi ambaye watoto wake wanasoma Ulaya. Kumzuia mtu asiondoke na huku humlipi ni dhulma juu ya dhulma.

Basi kosa liko wapi? Liko kwenye deni. Mwalimu yule alisomeshwa kwa kodi, na katika kodi hiyo imo ya muuza nyanya. Anayempokea akiwa ameshaiva amepata mali bila kuigharamia. Hili si jambo geni. Septemba 2004, baada ya malalamiko ya nchi kama Jamaica zilizokuwa zikipoteza walimu, mawaziri wa elimu wa Jumuiya ya Madola walikutana Stoke Rochford, Uingereza, wakapitisha mwongozo wa kuajiri walimu kutoka nchi nyingine: nchi inayochukuliwa walimu ijulishwe, mwalimu asinyonywe, na asiondolewe katikati ya mwaka wa masomo. Maneno mazuri, ila hayamfungi mtu kisheria. Tena Zimbabwe ilikuwa imeshajitoa katika Jumuiya hiyo Desemba 2003.

Na wanaochukua, wanachukua kwa nini? Takriban theluthi moja ya walimu wapya wa Uingereza huacha kazi ndani ya miaka mitano. Wanalalamikia wingi wa kazi, utovu wa nidhamu wa wanafunzi na mshahara. Huo ni mtungi uliotoboka. Kuchota maji kwenye kisima cha jirani ili kujaza mtungi wa namna hiyo, badala ya kuuziba, ndiko kunakoniudhi zaidi ya hizo pauni.

Mwaka 2022 Rwanda nayo ilichukua walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe, lakini kwa makubaliano ya serikali mbili. Mwanafunzi wa Zimbabwe alimkosa mwalimu wake vile vile, ila angalau mtoaji na mpokeaji walikaa meza moja.

Sasa tugeuke kwetu wenyewe, sisi tunaoishi mijini. Shule binafsi ya Dar es Salaam inayomtoa mwalimu pekee wa fizikia kutoka sekondari ya kata huko wilayani, tena mwezi wa tano, ina tofauti gani na Waingereza? Mwalimu yule hana kosa. Nyumba aliyopewa ilikuwa inavuja. Sisi tunaolipa ada ndio tunaovuna, na shule za taasisi zetu za Kiislamu hazimo nje ya hesabu hii. Mwenye shule hashindwi kumsubiri mwalimu huyo mpaka Desemba. Hashindwi pia kumpigia simu mkuu wa shule anakotoka, amwambie mapema, ili wanafunzi wa kidato cha nne wasifungue darasa Jumatatu wakakuta ubao mtupu.