Meza Moja

Jina la Wakristo lilianza Antiokia. Mjini humo Wayahudi na watu wa mataifa walikula pamoja, hata wakajulikana kwa jina la Bwana wao kuliko kwa kabila zao. Hakuna aliyeacha lugha ya mama yake, ila kila mmoja aliongezewa ndugu. Lakini jina peke yake halikutosha. Walipofika watu kutoka Yerusalemu, Petro aliogopa, akajitenga na meza ile; ndipo Paulo alipomkemea mbele ya wote (Wagalatia 2).

Nasi je? Mwaka 1963 makanisa 7 ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja. Hata hivyo twamwona mgeni wa kabila lingine akinywea kikombe kimoja nasi madhabahuni, kisha akienda zake peke yake, pasipo wa kumkaribisha nyumbani. Basi, Jumapili ijayo tusianze kumwuliza, “Kabila gani?” Tumwambie, “Karibu, twende tukale.” Wanaokula pamoja hujuana, na amjuaye ndugu yake hamdharau upesi. Bwana atusaidie. Amina.