Amefanya nini hata aheshimiwe?

Mwaka 2025, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Juni, pale Times Square jijini New York, Marekani, lilisimamishwa sanamu la shaba nyeusi lenye urefu wa futi 12. Ni sanamu la mwanamke mweusi, mnene kiasi, nywele amesuka, amevaa nguo za kawaida na mikono ameishika kiunoni. Aliyelitengeneza ni msanii wa Uingereza, Thomas J Price, aliyezaliwa London mwaka 1981.

Mwanamke huyo hana jina. Hakuwa malkia wala mpigania uhuru. Price hakumchukua mtu mmoja akamwiga. Alichanganya sura na maumbile ya watu mbalimbali, akapata mtu ambaye ungeweza kupishana naye sokoni usimtazame mara mbili. Kilichofuata ni zogo. Wapo waliofurahi, na wapo waliokasirika, wakiwemo weusi wenzake. Swali lililorudiwa sana lilikuwa hili: huyu amefanya nini hata awekewe sanamu?

Msomaji asinielewe vibaya. Sikukusudia kuyapigia debe masanamu. Wanazuoni walio wengi wamekwishatubainishia hukumu ya kutengeneza masanamu ya viumbe wenye roho, nami sina la kuongeza. Ninachokitazama ni lile swali, kwa sababu ni swali letu pia.

Hapo hapo walipomsimamisha mwanamke yule pana masanamu mengine mawili ya kudumu: la Padri Francis Duffy na la msanii George M. Cohan. Hao wana majina na sifa zao. Nasi Dar es Salaam tunalo lile la Askari, lililowekwa na Waingereza mwaka 1927. Yule naye hana jina, lakini amepewa bunduki, maana anakumbukwa kwa vita alivyowapigania wakubwa. Ada ya dunia ndiyo hiyo. Mtu huinuliwa kwa cheo, kwa mali au kwa faida aliyowaletea wenye nguvu. Akiwa hana hayo, basi ni mpita njia tu.

Je, sisi Waislamu tumesalimika? Nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kupanga wageni katika maulidi ya madrasa moja. Safu ya mbele tuliiwekea viti vya wafadhili. Nikamkuta bibi mmoja ameketi pale, yule anayefagia madrasa na kuteka maji ya kutawadhia. Alitaka amwone vizuri mjukuu wake akisoma. Nikamwambia, "Mama, naomba uwapishe wageni." Akainuka. "Haya mwanangu, hakuna neno." Akaenda kusimama nyuma, karibu na masufuria ya pilau. Mfadhili aliyekalia kiti kile alifika mjukuu amekwishamaliza kusoma.

Usiku ule nilikumbuka habari iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alipofariki, Masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa alimuulizia. Alipoambiwa, aliwauliza kwa nini hawakumpa habari, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia.

Habari hii nilikuwa nimeisikia mara nyingi, na hata kuisimulia. Haikunizuia kumwinua bibi yule.

Mtu atasema, tukimheshimu kila mtu sawa, wema utakuwa na thamani gani? Jibu ni kwamba heshima ziko mbili. Ipo ya ucha Mungu, na mizani yake iko kwa Allah (s.w.) peke yake. Na ipo karama aliyopewa kila mwanadamu kabla hajafanya lolote. Kosa letu ni kwamba ile ya kwanza hatuwezi kuiona, kwa hiyo tunakadiria kwa kuangalia gari na bahasha, kisha kwa makadirio hayo tunawanyima watu ile ya pili.

Hapo ndipo ninapokubaliana na Price katika swali lake, na kutofautiana naye katika dawa. Ili mwanamke wa kawaida atazamwe, ilimbidi amfanye mrefu karibu mara mbili ya binadamu. Wiki chache baadaye akaondolewa, na wanawake wa aina yake wakaendelea kupita pale pale bila kusalimiwa. Mtume hakumwekea yule mfagiaji sanamu. Aligundua kwamba hayupo, akauliza.

Mimi nilirudi kwa bibi yule kumwomba radhi, na ndipo nilipogundua kwamba hata jina lake sikulijua. Nilimuuliza, akacheka, akanitajia. Je wewe, ndugu msomaji, anayeufagia msikiti wako anaitwa nani?

Wallahu a'alam.