Wajibu wa Fundi

Je, fundi aliyeondoa kosa amekwisha timiza wajibu wake? Mwezi wa Februari 2015, wajenzi wa FreeBSD, mfumo wa kuendesha kompyuta, walitangaza kwamba kwa miezi minne hivi kiini cha toleo lao la majaribio kilitoa namba za nasibu zilizoweza kubashiriwa. Namba hizo ni mbegu ya funguo za siri. Kiini kilisahihishwa, lakini mmea ulioota kwa mbegu mbovu hauponi kwa kusafishwa ghala. Kwa hiyo watumiaji waliambiwa waunde funguo mpya. Kunyamaza kungalihifadhi heshima ya fundi na kuacha milango ya watu wazi. Kusahihisha ni kazi ya mkono. Kutangaza ni kazi ya dhamiri. Wajibu hukamilika kwa zote mbili.